Usilipie mpini wa maji kabla hujauliza bei ya kipande cha tatu

Mkuu, usilipe. Kama umeshatoa pesa ya kutanguliza, idai. Wakigoma kuirudisha, ni afadhali upoteze hiyo kuliko kuongeza iliyobaki.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Unaingia kazi ya kusafisha madirisha ya majengo ya hadi ghorofa tatu, umeona mpini wa maji wa mita 12 (ule wa vipande vinavyoingiana, wenye brashi na mpira wa maji, wa kusafishia dirisha ukiwa umesimama chini) umeandikwa "kaboni asilimia 100", una waranti ya miaka mitano, bei imeshushwa na punguzo linaisha Jumapili. Unataka kujua kama utadumu na kama urefu huo unafaa. Mpini huo, au ndugu yake wa tumbo moja, niliwahi kuwa nao. Ulidumu miezi saba.

Naona wenzangu hapo juu wanabishana kaboni na faibaglasi. Wabishane, lakini mpini haufi kwa sababu ya jina la malighafi. Unafia pale kipande kimoja kinapoingia kwenye kingine, chini ya kibano, yaani kile kifungio kinachoshika kipande kisiteleze. Ukishakufa hapo, kilichobaki ni swali moja tu: kipande hicho kinauzwa peke yake au hakiuzwi? Mimi swali hilo niliuliza nikiwa nimechelewa miezi saba, ndiyo maana naandika hivi.

Nilinunua wangu kwa akiba ya mwaka mzima. Muuzaji aliutoa kwenye boksi, akaurefusha mbele yangu ukiwa mkavu na mpya, akanipa niunyanyue kwa mkono mmoja. Akaniambia, "Huu ukishanunua, hununui mwingine." Nikaamini. Miezi minne ya kwanza sikuwa na la kulalamika: mwepesi, umenyooka, juu hautikisiki sana. Nikapata kandarasi ya jengo la ofisi la ghorofa tatu, madirisha pande zote nne, kila mwezi.

Mwezi wa tano vibano vikaanza kuteleza. Unanyanyua, brashi inafika dirishani, mara kipande cha nne kinajishukia chenyewe polepole kama mzee anayekaa kitini. Nikampigia muuzaji. Akasema, "Kaza skrubu tu." Nikakaza. Wiki ya pili vikateleza tena, nikampigia tena, jibu lilelile: kaza tu. Nikakaza zaidi.

Hayo maneno mawili, "kaza tu", ndiyo yaliyonigharimu mpini mzima. Hapa nataka usome taratibu.

Kibano hakikuwa kimelegea. Maji yakishapiga kioo hayaanguki yote chini. Mengine yanarudi yakifuata mpini, na yanakuja na vumbi la fremu, mchanga wa kingo za dirisha na chembe za ukuta. Yanapenya kwenye ule mwanya mdogo kati ya kipande na kipande. Ukirefusha unasugua, ukifupisha unasugua. Ni msasa, mkuu, unaupiga msasa mpini wako mwenyewe mara mia kwa siku. Kipande cha ndani kinaliwa, kinakuwa chembamba kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini kibano kinakihisi. Hapo ndipo kinaanza kuteleza. Dawa yake ni kufungua vyote, kuosha, kukausha, na ikiwa kimeshaliwa sana, kubadilisha kipande. Kukaza ni kulibana bomba jembamba lililoshaumia, huku punje za mchanga zimekaa katikati kama patasi.

Na nyuzi za kaboni, kwa sifa zake zote, hazipendi kubanwa ubavuni. Ukizivuta kwa urefu zina nguvu ya ajabu. Ukilibana bomba lake kutoka pembeni, kinachobeba ni gundi iliyozishikanisha na zile nyuzi zilizozungushwa kulizunguka bomba, kama mtengenezaji alijali kuzizungusha. Fikiria mwanzi. Utaupinda mpaka uchoke na hautavunjika, lakini uweke chini uukanyage, unapasuka kwa urefu wake wote. Mipini ya bei ya kutupwa mara nyingi nyuzi zake zimelazwa upande mmoja tu, kwa urefu, kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Unanunua mwanzi uliopakwa rangi nyeusi.

Siku yenyewe nilikuwa ghorofa ya tatu, dirisha la mwisho la upande wa nyuma. Nikasikia "ta!", mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa. Ufa ulianzia mdomoni mwa kipande cha tatu, palepale chini ya kibano nilichokuwa nimekikaza asubuhi, ukapanda kama shubiri mbili. Mpini ukakunjika hapo, brashi ikaja chini ikikwangua fremu, na sehemu yote ya juu ikabaki inaning'inia kwenye mpira wa maji. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa amesimama chini. Siku ile nilikaa kwenye ngazi za jengo zaidi ya nusu saa kabla mikono haijaacha kutetemeka.

Nikampigia yule yule. Naomba kipande cha tatu. Hakiuzwi. Basi kibano? Kimegundishwa kiwandani, hakiuzwi. Waranti je, si ya miaka mitano? Akanisomea, na sauti yake wala haikubadilika: waranti inahusu kasoro za kiwandani, na huu umevunjika kwa matumizi. Mpini wa kazi, uliouzwa kwa mtu wa kazi, umevunjika kwa matumizi! Sasa ulitaka uvunjike kwa nini?

Nikabaki na vipande saba vizima na kimoja kibovu, na vyote vinane havina kazi, maana kila kimoja kina kipenyo chake kinachoingia kwenye jirani yake tu. Nilijaribu kufunga ufa kwa epoksi na kitambaa cha faibaglasi. Kipande kikashika, lakini kikanenepa, hakikuingia tena kwenye mwenzake. Msimamizi wa jengo alinivumilia wiki moja. Wiki ya pili alimleta mtu mwingine, na sikuwa na neno la kumwambia. Nikakopa kununua mpini wa pili. Kwa hiyo ukitaka hesabu ya "punguzo" langu: jumlisha mipini miwili, kandarasi moja, na deni.

Asije mtu hapa kuniuliza nilikuwa nautunza vipi. Mpini ule ulilala ndani, gari likalala nje.

Ninachomkasirikia yule bwana si kwamba bidhaa yake ilivunjika. Kila mpini utavunjika siku moja. Namkasirikia kwa sababu alijua hana kipuri hata kimoja, akaniangalia usoni akasema "hununui mwingine". Namkasirikia pia yule jamaa wa video niliyemtazama usiku kucha kabla ya kununua, anausifia mpini alioupokea jana, hauna tone la tope. Mpini haupimwi siku ya kwanza. Nionyeshe wa mwaka wa pili, nionyeshe midomo ya vipande vyake, hapo nitakusikiliza.

Na hilo tangazo ulilobandika lina neno "3K" kwa herufi kubwa kama vile ni cheo. 3K maana yake kila uzi uliofumwa una nyuzinyuzi 3,000 ndani yake. Basi. Haisemi bomba lina unene gani, haisemi nyuzi zimezungushwa au la, na mara nyingi ule ufumaji mzuri wa vibox vibox unaouona ni tabaka la juu tu la kupendeza macho. "Kaboni asilimia 100" nayo haikwambii gundi ni kiasi gani wala kaboni yenyewe ni ya daraja gani. Ni maneno ya kuuzia, usiyalipie.

Kwa hiyo kabla ya yote, mwandikie muuzaji, kwa maandishi, siyo kwa simu: nauziwa kiasi gani kipande cha tatu peke yake, na kibano chake kiasi gani, na mnavyo sasa hivi kwenye rafu? Nasema cha tatu kwa makusudi. Kipande cha juu kabisa wengi wanakuwa nacho, kwa kuwa ndicho kinachogongwa mara nyingi na ndicho cha bei ndogo. Cha katikati ndicho kinachomuumbua. Mwenye kipande cha tatu ana vyote. Asiye nacho anakuuzia boksi, na siku likipata ufa mmoja unarudi kuanza upya. Muulize vilevile: mkitoa toleo jipya, vipande vya toleo hili mtaendelea kuvileta? Akisema "havivunjiki hivi", funga mazungumzo. Hilo siyo jibu la swali ulilouliza.

Kibano nacho kiwe cha kufungua na kurudisha mwenyewe kwa kifaa cha kawaida, au kama kimegundishwa, kiwe kinauzwa na uonyeshwe kinavyobanduliwa. Kiwe na skrubu ya kurekebisha mkazo, na mkazo wenyewe uwe ule ambao kidole gumba kinafunga bila kusaidiwa na kiganja. Ukihitaji kiganja, kuna mchanga ndani. Fungua uoshe.

Mpini nilionao sasa una mwaka wa tatu. Nimeshabadilisha kipande cha tatu, ndiyo, hicho hicho, na vibano vinne. Kila mara ilikuwa kazi ya robo saa na mchana nikarudi kazini. Si wa kaboni tupu, ni mchanganyiko wa kaboni na faibaglasi, mzito kidogo kuliko ule wa kwanza, na bega linajua hivyo jioni. Sijutii. Hata faibaglasi tupu yenye vipuri ningekushauri uichukue kwa ghorofa za chini kabla ya kaboni isiyo na vipuri. Inanesa, ni nzito, lakini inavumilia kugongwagongwa.

Kila jioni navichomoa vyote, naviosha kwa maji masafi ndani na nje, nafuta, naviacha vikauke kabla ya kuvirudisha. Usipake mafuta ya aina yoyote ili viteleze vizuri, nimeona mtu anafanya. Mafuta yanashika mchanga na kibano kinapoteza mshiko, unarudi kulekule kwenye kukaza. Na ukirefusha, anza na kile chembamba cha juu kwanza, na usikivute kipande hadi mwisho wake kabisa. Sehemu iliyobaki ndani ya mwenzake ikiwa fupi, inageuka kuwa mtarimbo unaoupasua mdomo wa kipande cha nje. Wakati wa kufupisha, teremsha kwa mkono, usikiachie kidondoke. Kinapiga kitako cha chini, na siku moja kitakuta kidole chako njiani.

Urefu: mita 12 kwa kazi uliyoitaja sikushauri uwe ndio mpini wako wa kila siku. Mpini ukisimama kwa digrii 70 kutoka ardhini unapoteza kama asilimia 6 tu ya urefu wake, na mikono yako inaongeza zaidi ya mita moja kutoka chini. Pima dirisha lako la juu kabisa ndipo ufanye hesabu. Mpini mrefu una kitako kinene, na ukisafisha chini bila kuvichomoa vile vipande vinene unabeba uzito wote bure siku nzima.

Halafu hili halina mjadala: kaboni inapitisha umeme. Kama kuna nyaya karibu na jengo, huo mpini hausimami hapo. Na usidanganyike kwamba faibaglasi ni salama, kwa sababu yako imelowa maji kuanzia juu hadi chini. Kabla hujarefusha hata kipande kimoja, zunguka jengo zima ukiangalia juu.

Umesema punguzo linaisha Jumapili. Mwache aishe nalo. Mwandikie leo hilo swali la kipande cha tatu, na atakachojibu kibandike hapa neno kwa neno, mimi nitakuwepo.