Hii .30 Super Carry inaizidi 9mm kweli?

Swali: Mambo bro, niko Moshi, Majengo, nina duka la hadwea na kabastola ka 9mm ka kibali. Shemeji yangu yuko Marekani, kila akipiga simu ananisifia .30 Super Carry, ati 9mm imeshapitwa. Nibadilishe?

Jibu: Poa kaka. Hiyo ni aina ya risasi, Federal, kampuni ya risasi ya Marekani, waliitoa Januari 2022, ni ya bastola za kubeba kiunoni chini ya shati. Risasi yenyewe nyembamba, milimita 7.9 hivi, so magazini inameza zaidi, bastola ya Shield EZ ya Smith & Wesson inabeba 10 badala ya 8 za 9mm na utamu wote uko hapo. Nguvu sasa, kichwa cha gramu 6.5 kinatoka na spidi ya mita 380 hivi kwa sekunde, yaani inakaribiana tu na 9mm, ila wanaipata kwa kupandisha presha hadi psi 50,000 wakati 9mm ya kawaida mwisho 35,000, mlio wake usiombe. Hukohuko Marekani haijachangamka, bastola zake chache, boksi bei juu, na 9mm iko sokoni tangu 1902. Wewe wa Moshi ndo kabisa, kwenye bastola yako haitumiki, inabidi ununue nyingine na urudi polisi kwa kibali kingine, halafu risasi utazipata duka gani? Shemeji mwache aendelee kusifia.