Usiupe Mchicha Umri wa Mchele

SWALI: Mama, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Kimara. Ofisi yetu iko Posta, hivyo huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku, au saa tatu mwendokasi ukijaa. Kila jioni hupitia genge lililo karibu na nyumbani nikachukua nyanya za shilingi 1,000, vitunguu vya 500, karoti mbili, kipande cha tangawizi na mafuta ya kupima. Mwezi ukiisha siioni fedha ilikokwenda, na mume wangu anasema sijui kupanga. Jumamosi moja nilikwenda Kariakoo nikanunua vitu vya mwezi mzima, na kufikia Jumatano nusu ya mboga zilikuwa zimeoza. Nifanye nini?
*Mama wa Watatu, Kimara*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza naomba ujitue mzigo usio wako. Mtu anayefika gengeni saa mbili usiku, watoto wakimsubiri na jiko likiwa bado baridi, hana nafasi ya kupanga lolote. Hununua kilichopo kwa bei iliyopo, na ndivyo ambavyo ningefanya mimi pia. Wala genge halikuibii. Mwenye genge ameamka usiku kuzifuata nyanya hizo sokoni, amelipia usafiri, na zile zinazoozea mezani kwake ni hasara yake peke yake, kwa hiyo nyongeza unayolipa ni ujira wa kazi hiyo. Unachopaswa kuamua ni vitu gani akuhangaikie yeye na vipi uvifuate mwenyewe.

Kosa la Jumamosi ile ni kwamba uliupa mchicha umri wa mchele. Mchele, unga, maharage, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia havina haraka, kwa hiyo vinunuliwe mara moja tu, mshahara unapoingia. Kwa nafaka ningekuelekeza Tandale, ambako biashara hiyo ndiyo kazi ya soko zima na unaweza kulinganisha mchele wa meza tatu kabla ya kufungua pochi. Ukifika nyumbani uhamishie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, maana mfuko ulioachwa wazi hukaribisha fukusi. Mafuta nayo yanunuliwe kwa kidumu, uachane na ya kupima.

Nyanya, vitunguu, karoti, hoho na viazi ni vitu vya wiki, na nadhani hapa ndipo fedha yako inapovujia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakolea, panda mwendokasi ushuke Urafiki, uingie soko la Mabibo ununue sado nzima ya nyanya, yaani ndoo ndogo ya kupimia, badala ya mafungu. Ukirudi, zichague kabla hujaketi. Zile ngumu, ambazo bado zina kijani karibu na kikonyo, zitandaze kwenye ungo zisigusane, kikonyo kikiwa chini, nazo zitakusogeza hadi katikati ya wiki. Zilizoiva sana zioshe, uzikate vipande vinne vinne, uzitie sufuriani bila tone la maji pamoja na chumvi kidogo, kisha uziache zichemke kwa moto wa wastani hadi maji yake yakauke na mwiko uache njia unapoupitisha. Zikipoa, zigawe kwenye vikopo vidogo, kila kikopo kikiwa na kiasi cha mchuzi mmoja. Viwili vikae kwenye friji na vilivyobaki viingie kwenye friza. Jumanne usiku kazi yako itakuwa kukaanga kitunguu na kutumbukiza kikopo kimoja, na mchuzi utaiva kabla wali haujakauka. Wapo wanaozikimbia nyanya laini ambazo wauzaji huziita masalo, lakini kwa mapishi haya, na kwa sharti kwamba unazipika siku hiyohiyo na unatupa yoyote iliyopasuka au yenye ukungu, mimi huzinunua bila aibu.

Vitunguu na viazi usivichanganye. Mwaka mmoja nilinunua viazi nusu gunia na jirani yangu, nikajisifu kwa bei, nikavirundika pamoja na vitunguu kwenye kona ya jiko lenye joto. Wiki ya tatu vilikuwa vimechipua kama shamba. Kila kimoja kiwe na kikapu chake, mahali pakavu penye hewa, na viazi vikae gizani. Maharage ya kilo mbili yachemshwe siku hiyohiyo ya Jumamosi na yagawanywe kama nyanya. Samaki na nyama visizidi vya wiki moja, kwa sababu umeme ukikatika ukiwa kazini hutakuwapo kuviokoa.

Sasa genge lako libaki na kazi inayolifaa, yaani mboga za majani. Mpigie mwenye genge saa nane mchana, mwombe akuwekee mafungu mawili ya matembele au mchicha, umlipe kwa simu, na mtoto wako mkubwa akayachukue kabla giza halijaingia. Mteja wa kila siku anayelipa mapema huchaguliwa fungu zuri, na pengine utakuta ameshakuchambulia.

Kuhusu mume wako, anayesema hujui kupanga na apewe Jumamosi moja kati ya mbili. Sisemi hivyo kwa kejeli. Kinachokuchosha zaidi ya kubeba kikapu ni kukumbuka, kwamba ndani ya basi, ukiwa umesimama, ni wewe pekee unayejua kuwa chumvi imekwisha. Bandikeni karatasi ndani ya mlango wa kabati, na yeyote anayemaliza kitu akiandike papo hapo, baba akiwemo. Atakayekwenda sokoni aichukue karatasi hiyo pamoja na kikapu, kwani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila ukisahau kikapu unanunua mfuko mwingine. Mimi kimoja hukiacha ofisini, chini ya meza.

SWALI: Dada yangu, salaam. Mke wangu ni muuguzi, na wiki za zamu ya usiku mimi ndiye ninayepitia soko la Ilala nikitoka kazini saa kumi na moja jioni. Kila ninacholeta kinakosolewa: samaki amelegea, nazi imeoza, viazi ni vidogo. Je, niache?
*Baba wa Chanika*

JIBU: Usiache, kaka yangu, mkeo naye alijifunza kwa kuuziwa nazi mbovu. Samaki wabichi waache wasubiri asubuhi ya siku yako ya mapumziko, na jioni uchukue dagaa wakavu. Ukilazimika, funua shavu la samaki uone matamvua mekundu, tazama jicho lisiwe limezama wala kufanya ukungu, na ubonyeze mnofu kwa kidole: shimo likibaki, mrudishe. Nazi itikise karibu na sikio hadi usikie maji yakicheza, kisha uyakague macho yake matatu, na ukikuta unyevu au ukungu uiache. Viazi ni suala la macho tu, kwa kuwa wauzaji wengi hupanga vikubwa juu na vidogo chini. Mwombe amimine sado yote kwenye kikapu chako huku ukitazama, kabla hujatoa fedha. Akikataa, meza ya jirani yake iko hatua tatu tu.