Nyoka Bandani na Vifaranga Wanaozubaa: Soma Dalili Kabla ya Kununua Dawa

Ninyi mnaoanza kufuga kuku wa kienyeji uani, hasa huku kwetu Muheza kwenye michungwa, minazi na majani ya kijani karibu mwaka mzima, swali lenu la kwanza huwa "niweke dawa gani?" Dawa ya kufukuza nyoka, dawa ya kifaranga anayezubaa. Ombi langu kwenu ni moja: tazameni kwanza, hela itoke baadaye. Banda lenyewe litakuonyesha nani kaingia usiku, na kinyesi cha kifaranga kitakuonyesha anaumwa nini.

Si kila kifaranga anayepotea kaliwa na nyoka. Nyoka humeza mzima mzima. Asubuhi utahesabu vifaranga wamepungua, hakuna damu, hakuna manyoya, na tetea anahangaika. Pengine utamkuta mmoja amekufa bila jeraha, kichwa na shingo vimelowa, manyoya yamelala na kugandamana. Huyo alianza kumezwa, akatemwa. Panya huacha alama za meno na humburuta kifaranga hadi kwenye shimo lake. Nguchiro na kicheche huua wengi kwa mpigo, shingo zikatafunwa na damu ikatapakaa. Wanaopotea mchana wengi huchukuliwa na mwewe au kunguru, na hao huzuiwa kwa kuwafunika vifaranga kwa tenga.

Mayai nayo yana lugha yake. Yai likitoweka bila kuacha ganda, shuku nyoka. Ganda likivunjika na ute kumwagika kiotani, shuku panya, nguchiro, au kuku mwenyewe aliyejifunza kula mayai. Yupo pia nyoka mwembamba asiye na sumu ambaye chakula chake ni mayai tu. Hulivunja yai kwa mifupa iliyochomoza ndani ya shingo yake, akameza kilichomo, kisha akalitapika ganda likiwa limebonyea. Ukiliona ganda la namna hiyo karibu na kiota, hasara yako ni ya mayai. Vifaranga si chakula chake.

Swila ni habari nyingine. Anakula chura, panya, mayai na vifaranga, na mate yake yenye sumu huweza kufika machoni mwako hata ukiwa mita mbili mbali naye. Ndiyo maana nasisitiza: usiingize mkono kiotani gizani. Mulika tochi kwanza, vaa gambuti, pekua majani ya kiota kwa fimbo. Nyoka aliyekwisha kumeza huvimba tumbo, akashindwa kupita tena kwenye tundu aliloingilia, kwa hiyo mara nyingi utamkuta kajikunja papo hapo chini ya tetea. Rudi nyuma, toa watoto uani, acha mlango wazi, muite mtu anayejua kumtoa. Kama ni chatu, muite afisa wanyamapori. Mtu akitemewa mate machoni, aoshwe kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali. Usimtie majani wala dawa ya kienyeji. Akiumwa na nyoka, atulizwe, avuliwe pete na bangili, apelekwe hospitali haraka. Msimchanje, msinyonye jeraha, msimfunge kamba.

Sasa kinga. Watu wanamwaga mafuta ya taa, wanazungushia kitunguu saumu, wanachoma matairi. Sijaona banda lililookolewa na harufu, na mafuta ya taa yanawadhuru vifaranga kabla hayajamsumbua nyoka. Kilicho na maana ni tundu na chakula. Ule wavu wa kuku unaouzwa sana madukani, wenye matundu ya inchi moja, unamzuia kuku kutoka lakini haumzuii nyoka kuingia. Tumia wavu wa chuma wa robo inchi, angalau kwa nusu mita ya chini kuzunguka banda lote, na uufukie ardhini kiasi cha shubiri moja ili panya asichimbe. Hela ikiwa haitoshi banda zima, jenga kijumba kimoja kidogo cha wavu huo kwa ajili ya tetea anayeatamia na wenye vifaranga. Hao ndio wanaowindwa. Angalia sana chini ya mlango: pengo la upana wa kidole linatosha. Banda la kuinuliwa ni zuri zaidi, ila zungushia miguu yake bati laini, na ukate matawi yanayogusa paa, maana nyoka hupanda.

Kisha ondoa kinachomleta. Pumba zilizomwagika huleta panya, panya huleta nyoka. Maji yanayotuama huleta chura, naye huleta nyoka vilevile. Ondoa chombo cha chakula jioni, okota mayai kila siku, fyeka majani, sogeza kuni, mawe na mabati chakavu mbali na banda. Kanga wawili watatu uani wanafaa pia. Wakimwona nyoka hupiga kelele ambayo hutaacha kuisikia.

Kwa vifaranga, jambo linaloua sana wiki ya kwanza ni baridi. Wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakisongamana na kulia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila na kulala huku na huku, umepata. Anayetumia jiko la mkaa ahakikishe hewa inapita juu, kwa sababu moshi usioonekana unaua vifaranga na unaua mtu. Maji yawe kwenye chombo kifupi chenye kokoto, wasizame.

Kifaranga akizubaa, mshike mkononi. Gusa kidari: je, mfupa umechongoka? Gusa kifuko cha chakula chini ya shingo: jioni kinapaswa kuwa kimejaa. Angalia kichwani na kuzunguka macho. Viroboto weusi wanaong'ang'ania hapo humnyonya damu hadi afe, na wengi hudhani ni ugonjwa. Wapake mafuta mazito ya mgando wakose hewa, epuka kugusa jicho lenyewe, kisha fagia banda na ubadilishe matandiko yote. Halafu mgeuze. Kinyesi kikiganda sehemu ya haja, kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mrudishe kwenye joto. Usivute. Na kwa kifaranga wa siku moja au mbili hakikisha unachokiona si kitovu, kilicho mbele kidogo upande wa tumbo. Ukikivuta hicho unamuua.

Kuhara damu huwapata sana wa wiki 3 hadi 6, hasa masika matandiko yanapolowa. Wanajikunyata, mbawa zinashuka, kinyesi kina damu. Hapa dawa ipo: amproliamu kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo na siku zilizoandikwa kwenye pakiti, na wasipewe maji mengine. Siku hizo usichanganye na vitamini za kundi B, maana dawa hii hufanya kazi kwa kuwanyima vimelea vitamini B1. Ukiwapa, umewalisha vimelea. Vitamini wape baada ya dozi kwisha. Na dawa bila kutoa maranda yaliyolowa ni hela iliyopotea.

Mdondo (kideri) hauna dawa, na gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua vifaranga, haina dawa. Nayasema haya waziwazi kwa sababu nawaona watu wakinunua antibiotiki kwa kuku anayepinda shingo na kuharisha kijani. Shubiri mwitu na pilipili havitaokoa banda lenye mdondo. Kinachookoa ni chanjo kabla. Ratiba inayotumika sana ni mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo siku ya 21, gumboro siku ya 28. Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ya tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3, na mkikubaliana na majirani mchanje siku moja, kinga inakuwa kubwa zaidi. Mchanje walio wazima tu. Chanjo inayotolewa kwenye maji ya kunywa isichanganywe na maji ya bomba yenye klorini; tumia ya kisima au ya mvua. Ndui nayo ina chanjo yake, inayochomwa kwenye ngozi ya bawa.

Mgonjwa mtenge mara moja, na kila siku anza kuwahudumia wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha unawe. Wakifa wawili watatu kwa siku bila sababu unayoijua, mpigie afisa mifugo wa kata na umpelekee mmoja aliyekufa muda huohuo, amefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Waliokufa wengine wachome au wafukie shimo refu. Usiwape mbwa wawale, usiwatupe jalalani, na walio wagonjwa usiwakimbize mnadani. Ukitumia antibiotiki, soma pakiti uone ni siku ngapi mayai na nyama hayaruhusiwi kuliwa. Na kuku uliyemnunua sokoni, hata akionekana mzima, akae peke yake wiki mbili kabla hajaingia kwa wenzake.