Hospitali ya Wagonjwa wa Akili Ikifungwa, Majengo Yabomolewe?

SWALI: Habari za kazi dada mhariri. Hivi hospitali ya wagonjwa wa akili ikishafungwa si bora majengo yabomolewe tu? Nasikia kuna sehemu wamegeuza madarasa na mgahawa, sasa nani akale pale na anajua watu waliteseka mle ndani? Na wagonjwa wenyewe wanapelekwa wapi?

JIBU: Wanaenda kula ndugu yangu, tena wengi tu. Angalia hospitali ya wagonjwa wa akili ya San Giovanni kule Trieste, Italia. Ilifunguliwa 1908, na daktari wa akili Franco Basaglia alipopewa uongozi 1971 alikuta wagonjwa kama 1,200, wengi wamefungiwa miaka na miaka, yeye akaanza kufungua milango ya wodi. 1973 wagonjwa na wasanii wakatengeneza farasi wa buluu wa mbao na karatasi, Marco Cavallo, mkubwa mno, siku ya kumtoa akagoma kupita mlangoni ikabidi wauvunje, ndo akatoka na wagonjwa wakaingia naye mtaani. Halafu 1978 ikaja Sheria 180, hospitali za namna ile zikaanza kufungwa Italia nzima.

Leo pale San Giovanni ni bustani ya umma, mtu yeyote anaingia, kuna idara za chuo kikuu, ukumbi wa maonyesho, redio, ofisi za afya na bustani ya waridi za aina karibu 5,000.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni ushirika wa kazi wa wagonjwa ulioanzishwa palepale 1972. Zamani mgonjwa alikuwa anadeki, anafua, anasaidia jikoni, halipwi, eti ni sehemu ya tiba. Ushirika ulipoanza kazi ikawa ileile lakini sasa ana mkataba na mshahara. Na matibabu yakahamia kwenye vituo vya mitaani vilivyokuwa wazi saa 24, ndo wagonjwa walikoenda, wengine wakaishi kwenye nyumba za kawaida kama majirani wengine.

Kwahiyo kubomoa siungi mkono. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Traverse City, Michigan, Marekani, ilifunguliwa 1885 ikafungwa 1989, saivi ni fleti, maduka na migahawa, majengo yamepona na nafurahi kwa hilo. Lakini wakija na mpango kama huo kwenu usiishie kuangalia michoro mizuri, waulize waliokuwa wamelazwa pale watahudumiwa wapi, na kwenye hizo ajira mpya wametengewa nafasi ngapi, na uyadai majibu kabla fundi hajaanza kupaka rangi.