Mti unatoa gesi, au gesi inatoka kwenye mti?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko Dodoma. Nimemaliza shahada ya uzamivu na sasa naendelea na utafiti kuhusu miti ya mjini na gesi zinazotoka kwenye majani na mashina yake. Naandaa bango la kuwaeleza wananchi. Niandike "utoaji wa gesi", "utokaji wa gesi" au "uzalishaji wa gesi"? Wenzangu wanasema yote ni yale yale. Na cheo changu nikiiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Kwa mazungumzo ya kawaida wenzako wana haki, lakini kwa bango lako hapana.

-toa na -toka ni ndugu, kama walivyo -ng'oa na -ng'oka. Mwarobaini ulioanguka kwa upepo kando ya barabara tunasema umeng'oka. Greda likiupitia, umeng'olewa, na hapo kila msikilizaji anajua kuna mtu wa kuulizwa. Umbo lenye k linaeleza jambo lilivyotokea bila kumbebesha mtu. Vivyo hivyo moshi wa jikoni hutoka kwenye paa la tembe. Anayesema tembe linatoa moshi atawakimbiza majirani na ndoo za maji.

Sasa tazama kazi yako. Unabana kisanduku kisichopitisha hewa kwenye shina, unapima hewa ya ukaa (kaboni dioksidi) inayoongezeka humo ndani. Kipimo kinakuonyesha gesi iliyovuka gome, basi. Sehemu ya gesi hiyo imetokana na upumuaji wa seli za shina lenyewe, na sehemu nyingine huenda ilianzia mizizini, ikayeyuka katika maji yanayopanda na kusafiri nayo hadi pale ulipoweka kisanduku. Methani ndiyo ngumu zaidi: huweza kutengenezwa na vijidudu kwenye udongo wenye majimaji na kupitia tu ndani ya mti, au kutengenezwa na vijidudu waishio ndani ya shina. Kwa vipimo vya namna hii andika "utokaji". Neno hilo halidai zaidi ya ulichopima.

Isoprini, gesi itokayo kwenye majani ya baadhi ya miti, ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa na jani lenyewe, na jua na joto vikizidi, nayo huongezeka. Mikaratusi inajulikana sana kwa hilo. Hapo "utoaji" ni sahihi kabisa, na hata "uzalishaji" unakubalika, kwa kuwa mti ndio mtenda.

Ila "uzalishaji" ningekushauri uuache kwenye bango. Wananchi wamelizoea katika taarifa za viwanda na magari, likiambatana na "hewa chafu". Mtu wa Nkuhungu au Chang'ombe hapo Dodoma, aliyebeba maji ya kumwagilia mche wake kwenye madumu kiangazi chote, mvua haijulikani hadi Desemba, akisoma "uzalishaji wa gesi katika miti ya Dodoma" ataelewa kwamba mche huo unachafua hewa. Utafiti wako hausemi hivyo. Isoprini husaidia kutengeneza ozoni, gesi inayochafua hewa ikiwa karibu na ardhi, pale inapokutana na gesi za moshi wa magari chini ya jua kali, na ni haki msomaji aelezwe kwamba moshi huo nao umo katika hesabu. Mchana mti huohuo unafyonza hewa ya ukaa kwa usanisinuru. Mimi ningeandika hivi:

"Tunapima gesi zinazoingia na kutoka kwenye miti ya jiji letu: zipi mti unazitengeneza wenyewe, na zipi zinapita tu kutoka ardhini."

Angalia pia hu-. "Mikaratusi hutoa isoprini" ni kauli ya tabia ya siku zote, kwa hiyo itumie kwa jambo lililokwisha kuthibitika. Matokeo yako ya msimu mmoja yaseme kwa -li-: "miti tuliyoipima ilitoa". Na usichanganye viambishi ukaandika "inahutoa", kosa ninaloliona hata kwenye tasnifu.

"Hewa ukaa" na "hewa ya ukaa" zote zinatumika. Chagua moja, uishike mpaka mwisho wa bango.

Kuhusu cheo, andika "mtafiti wa baada ya uzamivu". Ni kirefu kidogo, lakini kinaeleweka. "Mtafiti mzamivu" peke yake kitawafanya watu wadhani bado unasomea shahada hiyo.