Kabla hamjaniletea tena namba za mwezi wa nane

Wiki hii nimepitia karatasi za vijana wapya waliopima nguvu ya udongo wa tuta la reli upande wa Malagarasi. Nimecheka, kisha nimenuna. Wanangu, makosa haya tuliwaachia muyamalize, si muyarithi.

1. Andika tarehe. Udongo mweusi wa mbuga mwezi wa nane ni mgumu kama tofali: nyundo ya DCP (kile chuma chenye koni kinachogongwa kiingie ardhini), kilo 8 zile, inadunda mpaka mkono unakufa ganzi na koni haijashuka kitu. Unaandika CBR nono (namba ya nguvu ya udongo), unarudi Tabora mjini unaagiza kuku. Rudi hapohapo mwezi wa tatu uone koni inavyozama. Mfinyanzi ule hunywa maji ukavimba, ukikauka unapasuka. Ndiyo sababu maabara inaloweka sampuli siku 4. Kuna aliyenipigia simu kuuliza kama anaweza kuruka hatua hiyo, "maana bosi, ardhi yenyewe ni kavu." Nilikata simu taratibu.

2. Wastani. Hapa nitakaa kidogo. Mashimo ya kijana mmoja yote yalitoa moramu safi, yaani udongo wa changarawe, isipokuwa moja karibu na kalvati. Namba yake ilikuwa ya aibu, akaandika pembeni "kosa la kipimo", akaichanganya na nyingine, wastani ukapendeza. Nikamwambia twende. Kufika tu, kokoto za pale zimegeuka kijivu, zimepakwa tope mpaka juu, na taruma linalobeba reli ukilikanyaga linacheza. Hiyo ni kazi ya magurudumu: kila ekseli ikipita inakandamiza, maji na udongo laini vinakamuliwa juu kupitia kokoto. Tukachimba. Chini kulikuwa na kokoto za zamani zilizozama, maana reli hii imefika Kigoma tangu 1914 na kila ilipodidimia watu waliongeza kokoto juu. Pamekuwa bakuli linalotunza maji. DCP ikigonga kokoto hizo inakudanganya kwamba umefika pagumu, toboa uvuke. Mdomo wa kalvati nao ulikuwa umezibwa na mchanga, maji yamelala ubavuni mwa tuta. Kijana akanyamaza. Namba aliyoiita kosa ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli, na treni haipiti juu ya wastani. Nipeni namba ya chini kabisa na kilomita yake, na zikitofautiana sana ongezeni mashimo katikati.

3. Sampuli ya unyevu ifungwe kwenye kopo palepale. Si nyuma ya pikapu, juani.

4. Msichimbe penye kichuguu kilichosawazishwa. Mchwa wamekwisha kuwachanganyia udongo.

5. Muulizeni nyapara wa genge la matengenezo ya reli wapi panadidimia kila mvua. Msalimieni kwanza, mmoja wenu alimwuliza mzee wa watu akiwa kavaa visikizio masikioni.

Shimo la kalvati tutalirudia mvua zikikolea. Gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na atakayekuja na raba nyeupe atashika koleo.