Maswali ya Wasomaji: Nyanya za Masika, Machungwa ya Kijani na Vitunguu Ghalani

SWALI: Mimi ni mama lishe, Mbagala. Kila mwaka ifikapo Machi na Aprili tenga la nyanya hupanda bei hata sahani ya wali kwa mchuzi hainilipi, na ikifika Septemba nasikia nyanya zinaozea mashambani. Wauzaji wanasema ni mvua, lakini mvua si ndiyo inayostawisha mazao? Na kwa nini bei ikiporomoka shambani, gengeni kwetu haiporomoki vilevile?

JIBU: Wauzaji wako wamesema kweli, mama, ingawa maelezo yao yameishia njiani. Mahindi na maharage hungoja mvua, lakini nyanya huiogopa, kwa kuwa majani yake yakikaa na unyevu siku kadhaa mfululizo huingiwa na ukungu ambao wataalamu huuita bakajani chelewa, na ugonjwa huo unaweza kulimaliza shamba zima mkulima akiwa bado anatafuta dawa. Sehemu kubwa ya nyanya zinazoshushwa katika masoko ya Dar es Salaam hutoka Iringa, hasa Ilula na vijiji vya jirani katika Wilaya ya Kilolo, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Nyanya unayoinunua Machi ilihamishwa kutoka kitaluni Desemba au Januari, mvua ikiwa imekolea. Wakulima wengi hawathubutu kulima nyanya wakati huo, na wachache wanaothubutu hulazimika kupiga dawa mara kwa mara, gharama ambayo hatimaye huifikia sufuria yako. Ongeza barabara za vijijini zinazogeuka tope, na matunda yaliyojaa maji ambayo hupasuka ngozi safarini, kiasi kwamba sehemu ya tenga hufika sokoni ikiwa tayari ni masalo, yaani nyanya zilizopondeka. Bei ya nyanya nzima unayoipata hubeba pia bei ya zile zilizotupwa.

Kiangazi mambo hugeuka. Mvua zikikatika, kila mwenye pampu au mfereji huotesha miche karibu wakati mmoja na jirani yake, na mazao yao huiva pamoja. Nyanya iliyoiva haisubiri: bila chumba cha baridi huhesabiwa siku chache tu, hivyo mkulima hupokea bei yoyote anayotajiwa, au huacha kuvuna kabisa pale ambapo fedha atakayopata haitoshi kulipa wavunaji na kununua matenga. Jasho la miezi mitatu kuachwa liozee juu ya ardhi ni hasara inayoniuma kila mwaka, na naamini ingepungua sana kama wakulima wa eneo moja wangekubaliana kupishana tarehe za kupanda. Hata hivyo kiangazi si dhamana ya unafuu, kwa sababu ndio wakati ambao mdudu kantangaze, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014, huzaliana kwa kasi, na ukiona nyanya zimeadimika katikati ya Agosti huenda ndiye aliyepita.

Kuhusu bei ya gengeni, kumbuka kwamba nauli ya gari, ushuru, ujira wa wapakiaji na kamisheni ya dalali hutozwa kwa kila tenga, liwe la nyanya ghali au rahisi. Shambani bei ikikaribia kuwa bure, gharama hizo hubaki palepale. Tena gengeni bei hujificha ndani ya fungu: fungu la shilingi 500 linaweza kubaki la shilingi 500 mwaka mzima, ila idadi na ukubwa wa nyanya zilizomo ndivyo vinavyobadilika. Hesabu nyanya kabla ya kuitazama bei. Kwa biashara kama yako ningeshauri mama lishe wawili au watatu mchange fedha, mnunue tenga zima alfajiri katika soko la jumla, na mlifungue hadi chini kabla ya kulipa, maana zile za juu huwa zimechaguliwa.

SWALI: Machungwa ya Muheza yanayoletwa kwetu Dodoma mwezi wa Juni huwa ya kijani. Je, yamechumwa machanga?

JIBU: Si lazima. Ganda la chungwa hugeuka rangi linapopata usiku wa baridi, na Muheza, iliyo karibu na pwani, usiku wake ni wa joto. Chungwa huiva huku ganda likibaki la kijani. Chagua lililo zito mkononi na lenye ganda laini. Hofu yako hata hivyo ina msingi, kwa sababu baadhi ya wakulima wenye shida ya fedha huuza matunda yakingali machanga mtini, na baada ya hapo mnunuzi ndiye anayeamua siku ya kuchuma. Soko la Dar es Salaam au la Kenya likiwa na njaa ya machungwa, huchuma mapema. Chungwa halifanani na embe au parachichi: likishachumwa haliendelei kuiva, na litabaki na uchachu wake.

SWALI: Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Mwaka jana niliviweka nikisubiri bei ipande, karibu nusu vikaoza. Je, niviuze vyote wakati wa mavuno?

JIBU: Kuoza kwa kitunguu huanzia shambani. Ukiweka urea nyingi mwishoni na kumwagilia hadi karibu na kuvuna, shingo huwa nene, haikauki, na vimelea hupenya hapo. Simamisha maji takriban wiki mbili kabla ya kuvuna, na usivune mpaka zaidi ya nusu ya majani yameanguka yenyewe. Kisha vianike kivulini penye upepo hadi shingo zikauke kabisa, ukate majani ukiacha shingo ya sentimita 2 au 3, na uvitandaze katika kichanja kilichoinuliwa kinachopitisha hewa pande zote, badala ya kurundika magunia chumbani. Vilivyooza viondolewe kila wiki.

Usiviweke vyote. Uza sehemu inayotosha kulipa madeni ya pembejeo na vibarua, ili anayekudai asije akakulazimisha kuuza siku mbaya, na kwa vilivyobaki fuatilia bei, ukiuliza pia hali ya mavuno ya Mang'ola, eneo jingine la vitunguu kule Karatu, kwa maana magari yao yakiingia sokoni kwa wingi bei yako itashuka hata kama kwenu vitunguu vimekwisha. Katika hesabu weka upungufu wa uzito, kwani kitunguu hunyauka hata kisipooza. Mnunuzi akija na gunia la lumbesa, mkatalie. Sheria inataka mzigo usizidi kilo 100, na ile ziada iliyoshonewa juu ya gunia ni vitunguu vyako anavyoondoka navyo bila kuvilipia.